Utafiti Wangu Kuhusu Usaliti

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mvua tangu alfajiri. Nimechelewa kufungua duka. Mteja wa kwanza hakutaka fotokopi wala kalamu. Alitaka kitabu kipya cha Yeremia Mhoja. Wa pili vivyo hivyo. Steshenari yangu hapa Mkuyuni imegeuka ghala la mtu mmoja wa Butimba anayeandika habari za wake za watu.

Ieleweke kwamba mimi pia ni mwandishi. Riwaya yangu, Adabu ya Mgomba, ilitoka miaka sita iliyopita. Inamhusu mkulima wa Kagera anayepambana na mnyauko wa migomba na hatimaye kuushinda. Waliosoma waliisifu, wote wawili. Mmoja ni mdogo wangu Osward, mwingine ni bwana shamba.

Jioni nimekuta jambo zito. Umeme ulikatika, nikarudi nyumbani mapema. Mke wangu Leonsia alikuwa jikoni, amenipa mgongo, maharage yanaungua, yeye analia. Nikajua ni msiba. Nikamuuliza ni nani amefariki. Akashtuka, akasukuma kitu chini ya kanga. Kitabu. Jalada lilichungulia: mlango, na mbele yake jozi ya viatu vya kike. Viatu Mlangoni, cha Mhoja. Leonsia akasema ni moshi.

Tumeoana miaka kumi na sita. Kitabu changu hajakimaliza. Alifika katikati ya sura ya vifukuzi, wale wadudu wanaotoboa mashina ya migomba, akasema macho yanamuuma. Macho hayo hayo leo yanamlilia Mhoja. Kwa siri. Nyumbani kwangu. Kwa moshi wa mkaa nilioununua mimi.

Nimekula maharage ya kuungua bila kulalamika, nikafikia uamuzi. Nitaandika riwaya ya usaliti. Itampita Mhoja kwa kila hali. Leonsia ataisoma sebuleni, waziwazi, na atalia kwa ajili yangu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeanza. Mume nimempa jina la Gosbert. Anarudi nyumbani amechelewa. Mkewe anamuuliza alikuwa wapi.

Hapo nikakwama. Alikuwa wapi? Nimefikiri asubuhi nzima. Mimi nikichelewa huwa niko dukani. Nikaandika kwamba alikuwa dukani. Mkewe akamwamini. Riwaya ikaisha ukurasa wa pili.

Tatizo limejulikana. Sijui lolote kuhusu usaliti. Sijawahi kusaliti na, kwa ninavyojua, sijawahi kusalitiwa. Lakini sikuwa najua lolote kuhusu mnyauko pia, nikajifunza. Mwandishi makini hufanya utafiti.

Mchana nikavuka barabara kwa Ngosha. Ana gereji ya matairi, na habari zake na wanawake zinajulikana Mkuyuni nzima. Nikamwomba anieleze, kitaalamu, mtu anayemsaliti mkewe anajisikiaje. Akaweka rimu chini. Akauliza kama nimetumwa na mke wake. Nikaapa hapana. Akauliza kama nimetumwa na yule mwingine. Nikaapa tena.

Ndipo akasema kuchepuka ni kazi ya kukumbuka, basi. Nani ulimwambia uko Magu. Nani ulimwambia gari limeharibika. Nani alikupikia samaki, usije ukamsifia mwenzake kwa samaki yule yule. Alisema amechoka. Alisema angependa siku moja alale tu mchana bila kumweleza mtu alikuwa wapi.

Nikamuuliza kuhusu moyo: unaungua, unadunda, au unachoma? Akasema moyo hana habari nao, kinachomsumbua ni kiuno. Hilo sikuliandika.

"Mhaya, achana nayo," akaniambia nikiondoka. "Hii kitu haisomewi."

Nimekataa. Kila kitu kinasomewa.

Alhamisi, 7 Novemba

Mpango umeiva. Sitamsaliti Leonsia, mimi ni mtu wa jumuiya kanisani. Nitafanya jaribio tu. Nitamkaribisha mwanamke chakula cha mchana, kando ya ziwa, mahali peupe penye watu, na wakati tunakula nitaichunguza dhamiri yangu. Itakapoanza kuuma nitajua inaumaje. Kisha nitarudi kuandika.

Nimemchagua Queen, anayeuza mapazia duka la tatu kutoka langu. Ana sauti nzuri. Pia ndiye pekee niliyethubutu kumkaribia. Nilikwenda kwake kama mteja. Nikatoka na pazia. Nikarudi tena, nikamwambia kwamba Jumamosi, kwenye mgahawa mmoja chini ya mawe ya ziwani, kuna sato wazuri sana, na kwamba nina jambo la maana la kuzungumza naye. Akaacha kukunja kitambaa. Akasema jambo la maana halijibiwi kwa haraka, atafikiri. Jioni akatuma ujumbe kwamba atakuja.

Leonsia nimemwambia Jumamosi kuna kikao cha wenye maduka. Uongo wangu wa kwanza wa kitaalamu. Nikasimama nikasubiri dhamiri. Leonsia akasema sawa, nikitoka huko nimletee nyanya. Dhamiri haikufanya lolote. Labda inahitaji kuona samaki kwanza.

Jumamosi, 9 Novemba

Mambo hayakwenda. Naandika kwa utaratibu.

Nilifika mapema nikachukua meza inayotazama ziwa. Queen akaja amevaa gauni la kijani. Nyuma yake akaja mama mmoja mnene mwenye mkoba mkubwa. Shangazi yake, Prudencia. Nikasimama nikatoa shikamoo. Akasema marahaba, akaketi katikati yetu.

Queen akaona uso wangu. "Ulisema ni jambo la maana," akaniambia. "Kwetu jambo la maana halisikilizwi na mtu mmoja."

Shangazi akaagiza sato mkubwa kuliko wote jikoni. Akamla bila haraka, mpaka kwenye mashavu. Akafuta vidole, akaniambia sasa nizungumze. Nikazungumzia mvua. Akasema mvua anaiona. Akauliza kama nina mke. Nikasema ninaye. Akauliza kama natafuta wa pili. Nikasema mimi ni Mkatoliki.

"Basi umemwita binti yangu hapa kwa niaba ya nani?"

Mwandishi makini angekuwa na jibu. Mimi nilikuwa na tonge la ugali mdomoni. Nilipolimeza, nikasikia sauti yangu ikisema: kwa niaba ya mdogo wangu, Osward.

Uso wa shangazi ukafunguka. Akauliza kijana ni msomi? Nikasema sana, amesoma hadi nje. Mpole? Hajawahi kupigana na mtu. Anakunywa? Hata tone, nikasema, isipokuwa divai kidogo asubuhi. Hapo nikajiuma ulimi. Shangazi akakunja uso, akatafakari, akasema divai ni kinywaji cha watu wenye nafasi zao.

Queen alikuwa anatazama ziwa muda wote huo. Akauliza swali moja tu. Huyo Osward mwenyewe anajua habari hizi? Nikasema bado tunalisogeza taratibu.

Akatabasamu. Tangu nianze kumwona Queen pale Mkuyuni sijawahi kumwona akitabasamu vile. Niliangalia pembeni.

Dhamiri: nilihisi kitu kikiwaka hapa katikati, lakini siwezi kuthibitisha. Pilipili ilikuwa kali. Nyanya nilisahau.

Jumapili, 10 Novemba

Tulikuwa tumetoka misa, tunakunywa chai. Hodi. Shangazi Prudencia, Queen, jogoo amefungwa miguu, na mfuko wa mchele. Wamekuja kuiona nyumba na kumsalimia mke wa kaka mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye atakayempokea binti.

Leonsia hukaribisha mtu yeyote. Akawapa chai na senene walioletwa juzi kutoka Bukoba. Nikajaribu kumpeleka shangazi nje akaone kisima. Akasema kisima kitamsubiri. Akamshukuru Leonsia kwa sato wa jana. Leonsia akauliza sato gani. Shangazi akaeleza, kwa ufasaha ambao ningeuhitaji kwenye riwaya: ziwa, meza, gauni la kijani, divai, Osward.

Leonsia akaweka birika chini. "Osward yupi? Shemasi?"

Shangazi akauliza shemasi ni cheo gani. Leonsia akamweleza kwa upole kwamba Osward yuko seminari, na mwakani, Mungu akipenda, atapata upadre.

Jogoo ndiye aliyejibu kwanza. Kisha Queen akasimama. Hakunitukana. Alisema, "Kaka, mimi nina miaka thelathini na nne. Jana nilimpigia mama yangu simu nikamwambia." Akatoka. Shangazi akamfuata na jogoo. Akarudi kuchukua mchele. Hakuniaga.

Leonsia naye hakupaza sauti. Aliuliza nilitaka nini kwa yule binti. Nikaona ukweli ni bora. Nikamweleza yote: Mhoja, Gosbert, utafiti, dhamiri, namna nilivyopanga meza. Nilieleza vizuri. Katikati nilianza hata kusimama na kutumia mikono.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Novatha," akasema, "kama ulitaka kujua kusalitiwa kunaumaje, ungeniuliza mimi."

Nikamuuliza kwani yeye amesalitiwa na nani. Akaingia chumbani akaanza kufungasha.

Amevuka ziwa kwenda Sengerema kwa dada yake, Kokulinda. Nilimsindikiza mpaka kwenye kivuko nikiwa nimebeba begi. Njiani nilimuuliza anaonaje, Gosbert awe na watoto wawili au watatu. Alichukua begi mkononi mwangu akaingia kivukoni, akaenda kukaa upande ule mwingine, nisikoweza kumwona.

Jumatatu, 11 Novemba

Nyumba imepoa. Mwanetu Novatha yuko bweni hadi mwezi ujao, kwa hiyo nimekula peke yangu. Sikujua kwamba kijiko kinaweza kupiga kelele namna ile kwenye sahani.

Nimefikiri kuiacha riwaya. Nimefikiri hivyo mpaka chai ikaisha. Kisha nikaona jambo: sasa ninacho kitu ambacho sikuwa nacho wiki iliyopita. Mke ameondoka. Mhoja, nasikia, hajawahi hata kuoa. Nimemtangulia.

Kilichobaki ni mbinu. Niliapa sitamsoma Mhoja, lakini mwindaji hujifunza nyayo. Nikatoa Viatu Mlangoni kwenye rafu yangu mwenyewe, nikafunga duka, nikakaa nyuma ya mashine ya fotokopi, nikasoma.

Mume ndani ya kitabu anaandika kitabu kuhusu kahawa. Humwamsha mkewe alfajiri amsaidie kutafuta neno jingine la "rutuba". Siku ya kumbukumbu ya ndoa yao anamsomea sura nzima ya magonjwa ya majani, na mkewe akisinzia anarudia aya. Watu wanaonunua kitabu hiki hucheka sana wakifika hapo. Nimewaona kwa macho yangu, wamesimama mlangoni kwangu wakicheka, na mimi nikawa nawachekea.

Mimi nilimwamsha kwa ajili ya "rutuba". Mara moja. Labda zaidi. Na kwenye kumbukumbu ya ndoa yetu ilikuwa vifukuzi.

Nikaendelea, nikisubiri mke akutwe kitandani na mtu. Hakuna kitanda. Kuna fundi viatu kando ya njia ambaye, kila mwanamke akipita, anamuuliza amelalaje. Basi. Mwanamke anaanza kupita pale hata kama hana kiatu kilichochanika. Siku moja anamvulia vile vizima, ili apate sababu ya kukaa. Halafu fundi anahama mji. Asubuhi mwanamke anafungua mlango, anakuta viatu vyake vimepigwa rangi, vimewekwa pamoja, pua zikiangalia nje.

Nimelia. Nimekiri hapa kwa sababu hakuna anayesoma hapa.

Kisha nikafuta uso na swali likanijia. Mhoja amejuaje habari ya rutuba?

Jumanne, 12 Novemba

Nimekwenda Butimba. Nilitarajia mtu wa manukato na mashati ya kung'aa. Nilimkuta mwanamume mwembamba mwenye miwani, amepiga goti uani, anamkata mama yake kucha za miguu. Mama akaniuliza kama mimi ndiye daktari. Nikasema mimi ni mwandishi. Akasema pole.

Nikamuuliza Mhoja hapo hapo, nikiwa nimesimama. Hakukana. Alimaliza kidole alichokishika, akaosha mikono, akaniletea kiti.

Alisema mwaka juzi mvua ilimfungia kwenye duka la dawa anakofanya kazi Leonsia. Alikwenda kuchukua dawa za presha za mama. Kwa kuwa mvua haikuisha, alimuuliza Leonsia ameshindaje. Leonsia akajibu mpaka mvua ikaisha. Wiki iliyofuata Mhoja akarudi. Siku hiyo hapakuwa na mvua.

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo nilimpangia Gosbert sura ya kumi, kama ni hayo tu. Akasema ni hayo tu. Kaunta katikati, wateja wanapita. Na kabla ya kuandika alimwomba ruhusa. Leonsia akacheka, akasema aandike, mume wake hasomi vitabu vya watu.

Nilitaka kumpiga. Sijawahi kumpiga mtu, kwa hiyo nilisimama nikijaribu kukumbuka dole gumba linakaa ndani ya ngumi au nje. Kabla sijapata jibu, mama akaomba maji. Mtungi ulikuwa upande wangu. Nikampa.

Mhoja akanisindikiza hadi barabarani. "Ndugu Bagenda," akasema, "mimi sina mke. Yote ninayoandika nimeambiwa. Nauliza, wananiambia." Nadhani alikusudia wema. Sikumpa mkono.

Njiani kifua kiliungua kweli, si pilipili. Mke wangu amemfungulia mtu mwingine nyumba yangu, chumba kwa chumba, na mji mzima umepita ndani ukicheka. Nikasimama kando ya barabara nikaandika kiganjani: kama kunywa uji wa moto kwa pupa. Fungu zuri la maneno. Nimekuwa nikilitafuta wiki nzima. Nikageuka kumwonyesha mtu, na hapakuwa na mtu.

Kesho navuka.

Jumatano, 13 Novemba

Kokulinda alikuwa mlangoni. Nikatoa shikamoo. Akaitika marahaba bila kusogea.

"Shemeji, umekuja peke yako? Nilidhani utakuja na shemasi."

Nikaomba kumwona mke wangu. Akaniangalia viatu, matope yake, na uso. Kisha akasogea, kidogo, nikapita ubavu.

Leonsia alikuwa nyuma ya nyumba anachambua maharage kwenye ungo. Nilikuwa nimeandaa hotuba kivukoni. Ilianza na neno moja. Nikalisema.

"Umenisaliti."

"Ndiyo," akasema.

Hotuba haikuwa na nafasi ya ndiyo. Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Alisema bila kuacha kuchambua. Alisema amemweleza mtu wa nje mambo ya ndani, na alijua ni kosa. Alijua kila Jumanne, siku ambayo Mhoja hupita kuchukua dawa. "Na kila Jumatatu nilikwenda kusuka nywele," akasema. "Hakunigusa. Hata mkono. Lakini usiniulize kama nilikuwa namsubiri."

Sikumuuliza. Nilimkumbuka akirudi kutoka saluni, Jumatatu baada ya Jumatatu, akipita mbele yangu sebuleni. Mara moja nilimwambia asogee ananizibia taa.

"Mama alipofariki," akasema, "nilikaa Kamachumu mpaka msiba ukaisha, wewe ulirudi mapema kwa ajili ya duka. Nilipofika stendi ulikuja kunipokea. Unakumbuka uliniuliza nini?"

Nilikumbuka. Nilimuuliza migomba ya huko ina hali gani.

Nikamwambia ukweli, kwamba siku ile nilimwona anavyoshuka kwenye basi, mdogo namna ile, nikaogopa. Sikujua mtu anayetoka kumzika mama yake anaambiwa nini. Habari za migomba ndizo nilizokuwa nazo.

Mikono yake ikasimama juu ya maharage. Akasema hakujua hilo. Nikasema hata mimi sikulijua mpaka sasa hivi.

Nikavuta ndoo karibu, nikaanza kuchambua upande wa pili wa ungo. Nilikuwa natupa mazuri na kubakiza mabovu, akanirekebisha mkono. Baada ya muda nikamuuliza, "Umelalaje?"

Akacheka. Kisha akalia. Akasema hayo ni maneno ya kitabu cha mtu.

Nikasema najua, nimekisoma, lakini nimetafuta mengine mazuri zaidi sijayaona.

Akajibu. Alilala vibaya. Alieleza kwa nini, na jinsi hali ile inavyofanana na usingizi wa mwaka ule wa msiba, na jinsi alivyokuwa akiota mama yake yuko upande wa pili wa ziwa akiosha vyombo. Sikuwahi kusikia hata moja kati ya hayo. Kokulinda akatoka mara mbili kuangalia kama bado niko hai, mara ya pili akaleta matoke, sahani mbili.

Kabla sijaondoka Leonsia akaweka masharti. Yeye atamwambia Mhoja awe anamtuma mtu mwingine kuchukua dawa. Mimi nitakwenda kumwomba Queen radhi, mimi mwenyewe, si kwa ujumbe wa simu. Na riwaya ya usaliti inakufa. Nikakubali yote. Lile la tatu lilichukua muda kidogo.

Ijumaa, 15 Novemba

Asubuhi nilikwenda kwa Queen. Nikamwambia nilimdanganya, kwamba hapakuwa na mchumba tangu mwanzo, na kwamba nilimtumia kama mtu anayejaribu kalamu dukani. Akaendelea kupima kitambaa. Akasema amesikia. Akasema shangazi hajasikia, naye hukaa Butimba, kwa hiyo nisipite huko kwa sasa. Nikanunua pazia jingine. Sikuombwa kulinunua, lakini sikujua namna nyingine ya kutoka mle.

Mchana Leonsia amerudi. Nilikuwa kwenye kivuko kabla hakijafika. Nikabeba begi, nikamuuliza habari za njiani, na safari hii nikasubiri jibu. Nyumbani nikamwonyesha Gosbert, kurasa zote mbili, nikazichana mbele yake. Akasema si lazima nichane. Nikasema ni lazima. Niliona imemgusa.

Jumapili, 17 Novemba

Mimi ni mtu mpya. Tangu Ijumaa nimemsikiliza Leonsia asubuhi na jioni. Jana amenieleza habari za mama yake kuanzia mwanzo: ugonjwa, safari, na jinsi siku ya mazishi machozi yalivyokataa kutoka mpaka alipoona kanga ya marehemu ikiwa bado kwenye kamba. Nilimshika mkono. Sikusema neno juu ya migomba.

Usaliti sitaugusa tena. Nimeahidi, na ahadi ni ahadi.

Kuhusu msiba Leonsia hakuweka sharti lolote.

Kwa hiyo nimeanza leo baada ya misa. Ni riwaya ya mjane. Mume anafariki ghafla, mke anapata habari akiwa jikoni. Mhoja hawezi kuandika hiyo, yeye anajua yale tu anayoambiwa. Sura ya kwanza imekwenda vizuri hadi mahali ambapo mke anasikia habari. Hapo nikakwama. Je, mwanamke aliyefiwa na mume hupiga yowe kwanza au hukaa chini kwanza? Anaita jina lake? Kumuuliza mjane wa kweli si adabu, na mimi sasa ni mtu anayefikiria hisia za wengine.

Mpango uko tayari. Jumanne nitatoka bila kuaga, nizime simu, nikae mahali. Jioni Ngosha atakuja kwa Leonsia na habari kwamba nimegongwa na lori la ng'ombe njia ya Magu. Nilipomwomba alikataa kabisa. Nikamweleza kwamba ni kwa faida ya fasihi na kwamba itachukua dakika chache tu, kisha nitatokea na wote tutafurahi. Anafikiria. Akishindwa yeye, nitamtumia Osward, ana uzoefu wa mazishi.

Jioni hii Leonsia amekuja kukaa karibu nami pale sebuleni. Amesuka nywele, na safari hii nimeziona, nikamwambia zimempendeza. Akaniegemea. Akaniuliza ninawaza nini.

Nikamwambia namuwaza yeye. Ni kweli kabisa. Nilikuwa napima kwa macho kama kutoka nyuma ya tangi la maji nitaweza kumwona vizuri kupitia dirisha la jikoni.